Ramani Aliyoichukua Mtani Wangu

Kosa langu la kwanza katika shule ya kati lilikuwa kumvua mwalimu kofia.

Nilikuwa darasa la tano, ndiyo kwanza nimefika kutoka Puge na sanduku la bati, na sikumjua mtu. Mwalimu naye alikuwa mgeni. Alikuja kwa treni kutoka pwani kutufundisha jiografia na kazi za mikono, Mzaramo mrefu mwenye sauti ya kujaza uwanja. Asubuhi ile alisimama mbele ya mistari yetu akauliza, "Wanyamwezi wako wapi hapa?" Karibu shule nzima ikanyoosha mikono.

"Aa! Mwangaluka, wapagazi wangu!" akasema. Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, lakini aliitamka kipwani. "Mizigo ambayo babu zenu waliitupa kule kwetu nimechoka kuilinda. Mmekuja kuichukua?"

Kila mtoto wa Unyamwezi anaelewa maneno ya namna hiyo. Babu zetu walibeba pembe katika njia ya misafara, kutoka Tabora mpaka pwani, na huko Uzaramo wakapata watani: watu wa kuwatukana na kutukanwa nao, kunyang'anyana kitu mkononi, na kuzikana mtu anapofia njiani. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe, na unatozwa faini.

Lakini huyu alikuwa mwalimu, kwa hiyo wavulana walitabasamu wakatazama chini. Mimi ndiye niliyetoka mstarini. Mpaka leo sielewi miguu ilinipelekaje, maana mimi ni mwoga. Naweza kushinda siku nzima nikijiuliza kama niliitikia salamu kwa sauti inayofaa. Nadhani niliogopa zaidi kukaa miaka minne pale bila kujulikana. Nikamwendea, nikaruka, nikamvua kofia.

"Hii ya babu yangu," nikasema. "Aliisahau kwenu, mla nazi wewe."

Uwanja ulilipuka. Mwalimu alicheka mpaka akashika magoti, akaniacha niivae kofia ile mpaka kengele ya darasa. "Nimempata mtani wangu," akawaambia walimu wenzake. Siku ile nilikula ugali nikiwa nimezungukwa na watu. Nilidhani nimefanya jambo la akili kuliko yote maishani mwangu.

Sasa nieleze lililofuata, na sitalieleza kwa upole.

Mtani wangu alichukua penseli yangu mpya. Akachukua karanga nilizoletewa na mama. Alichukua Jumamosi zangu, kwa sababu "baiskeli yako inalia, mtani, njoo uioshe," na baiskeli ilikuwa yake. Kila mara alisema kwa kicheko, mbele ya watu, na kila mara watu walicheka. Siku moja nami nikachukua chaki mezani pake, kipande kidogo tu, nikasema, "Utani." Uso wake ukabadilika. "Hapa ni darasani," akasema. "Rudisha, unyooshe mkono." Nikachapwa kwa rula. Jioni yake akanikuta kisimani akanipiga kikumbo na kuniita mpagazi wake.

Nilichelewa sana kuelewa kwamba yeye alikuwa na milango miwili. Akitaka kuchukua aliingia kwa mlango wa utani, na nikitaka kuchukua mimi alitokea mlango wa ualimu. Babu zetu na babu zao walitaniana wakiwa wote jasho linawatoka, wote na visu viunoni. Utani wa mwenye fimbo na asiye na fimbo ni kitu gani? Hata leo nikiandika swali hili kalamu inachimba karatasi.

Shule yetu, mwendo wa lori kutoka mjini, ilijulikana kwa mambo mawili, mpira na karanga. Timu yetu iliogopwa hadi Nzega. Shamba letu lilikuwa na matuta yaliyonyooka hivi kwamba wakulima wa jirani walikuja kuyatazama, wengine wakiyacheka. Kwaya nayo ilialikwa kuimba mjini. Mimi mpira uliniogopesha na sauti yangu ilipasuka. Nilichokuwa nacho ni macho na mikono, na ugonjwa wa kutoridhika. Nilichora nikafuta, nikachora nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Rafiki yangu, Msukuma wa Ziba aliyekuwa golikipa wetu, ndiye aliyenipa jina la Bwana Futa.

"Bwana Futa," aliniuliza siku moja, "ukifa nani atakuchimbia kaburi? Maana utataka pembe zake zilingane."

Tulipofika darasa la saba, mwalimu mkuu alitutangazia maonyesho. Kila shule ya kati katika jimbo ingepeleka mjini Tabora kazi moja iliyo bora. Kazi hiyo ingechaguliwa siku ya wazazi, na mwanafunzi aliyeitengeneza angesimama kando yake siku nzima, jina lake limeandikwa kwenye kadi, awaeleze wageni alivyoifanya.

Nilikitaka kitu kile kama mgonjwa anavyotaka maji. Sikutaka zawadi. Nilitaka kusimama kando ya kadi. Nilitaka wageni waone kitu, kisha wasome jina, kisha wanitazame mimi. Baba yangu alikuwa mkulima wa Kimoraviani mwenye watoto wengi na maneno machache, na nilitaka asikie kwamba mwanawe alisimama pale. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndiyo kweli.

Nikaamua kutengeneza ramani ya njia ya misafara, si ya karatasi, bali ya kufinyanga, yenye milima ya kugusa kwa kidole. Hakuna aliyenifundisha. Mwalimu wa jiografia alikuwa na ramani moja tu ya ukutani, nasi tulikuwa tukiikariri kwa wimbo. Niliifungia nyuzi kutoka juu hadi chini na kutoka upande hadi upande, ikawa miraba, nikapanga miraba mikubwa zaidi kwenye sinia pana la mninga nililolichonga karakana. Udongo nilichota kwenye vichuguu. Ulipasuka ulipokauka. Nikaloweka magazeti, nikayatwanga, nikayachanganya na uji wa muhogo. Mchanganyiko ule ulinuka hadi golikipa akahama kitanda, lakini haukupasuka.

Milima ya upande wa Mpwapwa niliibomoa na kuijenga upya nisijue mara ngapi. Mito niliipaka buluu. Mgunda Mkali, lile pori kavu ambalo wapagazi waliliogopa, nililipaka rangi ya majivu. Njia yenyewe ilikuwa uzi mwekundu wa sufu, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na palipokuwa na maji ya mwaka mzima nilibandika ushanga wa buluu. Halafu nikabandika ushanga mmoja mweupe, karibu na mto Kingani, Uzaramo. Hapo ndipo babu yangu alipofia, akirudi kutoka pwani, kwa ugonjwa wa tumbo. Wazaramo walimzika. Baba alitusimulia habari hiyo kila mwaka baada ya mavuno, jinsi watani walivyomtukana maiti, wakamwambia amka mvivu wewe mzigo unakungoja, huku wanachimba, huku wanalia. Ushanga ule ulikuwa kipande cha mkufu wa bibi. Sikumwambia mtu maana yake. Nilikuwa nikiitunza kwa ajili ya siku ya kusimama kando ya kadi.

Mwalimu wa jiografia alipita karakana mara chache. Alitazama, akasema, "Mtani, unafinyanga matope," akaenda zake. Huo ndio mchango wake wote katika ramani ile.

Siku ya wazazi ikafika. Darasa la nane walifanya mazoezi ya viungo, wakapanda mabegani mwa wenzao mpaka wakawa mnara, na mnara haukuanguka. Wazazi walitembezwa shambani. Baba alikuja na lori la mfanyabiashara wa mchele, amevaa koti la kanisani katika jua lile. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba," kisha akaisogelea ramani na kuinama. Kidole chake kilifuata uzi mwekundu polepole, kikafika kwenye ushanga mweupe, kikasimama. Akanitazama. Baba hakuwahi kunitazama hivyo, wala hajanitazama hivyo tena.

Mwalimu mkuu akapiga makofi kuomba kimya, akatangaza kwamba kazi bora ya mwaka ni ramani, akalitaja jina langu. Nilisikia jina langu likipita juu ya vichwa vya watu. Halafu mtani wangu akatokea, mikono juu, kama mtu aliyeibiwa ng'ombe.

"Wazazi! Wazazi, mnauona wizi huu?" akalia. "Mnyamwezi kaiba nchi yangu! Tazameni, Uzaramo huu hapa, na Kingani, na bahari yote! Wapagazi tuliwazoea kubeba pembe, leo wamebeba nchi nzima!"

Watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. Akalishika sinia kwa mikono miwili.

"Naichukua nchi yangu. Nani mwenye huyu mwizi?"

"Mimi," akasema baba. Na baba yangu, mtu wa maneno machache, alikuwa akicheka meno yote nje. "Chukua, mtani! Chukua nchi yako, na mwizi mwenyewe umchukue, anakula sana!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mwalimu akaondoka na ramani yangu kichwani kama mpagazi, akichechemea kwa makusudi, watoto wakimfuata. Nami nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilisimama kati ya watu, nikacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi na baba alikuwa ananitazama.

Nilidhani atairudisha jioni. Hakuirudisha. Kesho yake nikamfuata mlangoni kwake.

"Shikamoo mwalimu. Nimefuata ramani. Kuna kilima nataka kukirekebisha."

"Ramani ipi?" akasema, akitafuna muwa. "Baba yako kanipa, mbele ya wazee. Au baba yako mwongo?"

"Si utani tu, mwalimu?"

"Ndiyo, utani. Sasa unakasirika?"

Nikasema sikasiriki. Nikaenda nyuma ya choo cha bweni, nikapiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Nilitaka kumwendea mwalimu mkuu, lakini ningemwambia nini? Yeye mwenyewe ni Mnyamwezi wa Ipuli, na siku ile alicheka akafuta machozi.

Siku ya maonyesho shule nzima tulipelekwa mjini kwa malori, kwa sababu kwaya yetu iliimba. Ukumbi ulikuwa umejaa vikapu, viti vya miguu mitatu na mahindi ya kila rangi. Ramani yangu ilikuwa katikati, mezani peke yake. Kadi, kwa mwandiko wa mtani wangu, ilisema: Kazi ya darasa la saba, chini ya mwalimu wao wa jiografia. Jina lake lilikuwapo. Langu halikuwapo. Na aliyesimama kando ya kadi, amevaa suti nyeupe, ni yeye.

Niliisoma kadi ile, nikaisoma tena, kama ninavyosoma kila kitu, nikitafuta kosa langu.

"Twende zetu, Bwana Futa," golikipa akaninong'oneza. "Usitazame."

Lakini mkaguzi wa shule, Mzungu mzee aliyesema Kiswahili polepole na vizuri, alikuwa ameinama juu ya ramani. "Hizi shanga za buluu ni visima, nimeelewa," akasema. "Na huu mweupe?"

Mwalimu hakujua. Nilimwona hajui. Macho yake yakazunguka, yakaniona, akanichekea. "Huyu hapa mtani wangu! Njoo, mpagazi, mweleze Bwana Mkaguzi."

Nikaja. Watu walikuwa wamejaa kandokando. Nikasema, "Nchi ni yako, mtani. Mwenye nchi ndiye anayejua."

Wengine wakacheka. Yeye pia akacheka, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Kweli," akasema. "Bwana, hapa ndipo nyumbani kwetu."

"Hapo ni kaburi la babu yangu," nikasema.

Mkaguzi akainua kichwa. Nilidhani nimeshinda. Nilidhani sasa mkaguzi atauliza ushanga ulibandikwa na nani, na yote yatatoka. Lakini mtani wangu alikuwa mtani wa kuzaliwa, na hakukosa neno hata wakati ule. Akapiga paji la uso.

"Kumbe ndiye yule! Bwana, tulimzika sisi! Tumbo kubwa, tukachimba siku mbili! Na hawa hawajatulipa hata kuku!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkaguzi naye akatabasamu, akasema mila hii ameisoma na ni nzuri sana, inaunganisha makabila. Akageukia vikapu.

Basi hapo nilielewa kwamba hakuna neno nitakalosema ambalo halitamezwa na utani. Nikitukana ni utani. Nikinyamaza ni utani. Hata babu yangu kaburini alikuwa utani, na kwa haki ya mila alikuwa hivyo, maana ndivyo walivyomzika. Kilichoibiwa hakikuwa ramani tu. Walikuwa wamenichukulia hasira yangu, na sikuwa na kitu kingine.

Nikanyoosha mkono, nikaushika ule ushanga mweupe kwa kucha, nikaung'oa. Gundi yangu ilikuwa nzuri mno; ulitoka na kipande cha Uzaramo na ukingo mzima wa Kingani. Shimo likabaki, jeupe la magazeti. Mimi, ambaye silali nikiwa nimechora mstari mbaya.

"Namchukua babu yangu," nikasema. "Utani."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alinipiga kofi palepale, mbele ya wageni, kofi la mkono wote, akaniita mshenzi. Akanishika shingo kunitoa nje, na sauti yake ikawa nyembamba, sauti nyingine kabisa.

Jumatatu nilichapwa viboko mbele ya mistari kwa kuharibu mali ya shule na kumkosea mwalimu adabu. Mwalimu mkuu alisema anasikitika, kijana mwenye mikono mizuri. Ramani ilirudishwa ikawekwa ofisini kwake, shimo na yote, na kadi yake. Mtani wangu hakunitania tena, wala hakuniita kwa jina lolote. Mitihani ya darasa la nane ilipokuja nilifanya vibaya. Nilikuwa nikifuta majibu sahihi. Sikuchaguliwa kuendelea.

Likizo iliyofuata viboko vile, kabla ya mitihani hiyo, nilimweleza baba. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilieleza yote, na sauti yangu ilipanda mpaka mama akachungulia mlangoni. Baba aliendelea kupukuchua.

"Alipokupiga kofi," akauliza mwishowe, "alikuwa anacheka?"

"Hapana. Alikasirika."

Baba akaliweka gunzi chini. "Basi huyo hakuwa mtani," akasema. "Mtani akikasirika anadaiwa mbuzi."

"Mbuzi!" nikasema. "Baba, wewe ndiye uliyempa. Ulisema chukua. Uliiona kazi yangu, ukaweka kidole juu ya babu, ukasema chukua."

Sikuwahi kusema na baba hivyo. Mama akaita jina langu kwa ukali. Baba aliinamisha kichwa, akachukua hindi jingine, akalipukuchua lote.

"Nilifurahi," akasema. "Nilikuwa na furaha kubwa siku ile, mwanangu. Mtu akiwa na furaha hupenda kutoa."

Hakuomba radhi zaidi ya hapo, na mimi sikumwambia kwamba yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Tulimaliza gunia lile.

Nimejifundisha mengi tangu siku hizo, kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea. Sasa nachora plani za nyumba katika karakana ya fundi mmoja mjini Tabora. Bado nafuta sana. Mila ya utani siichukii, na nina watani wa rika langu ambao tunanyang'anyana hadi viatu. Lakini kazi yangu ikichukuliwa na mtu aliye juu yangu, sicheki tena. Nasema mbele ya watu kwamba ni yangu, na nasimama hapo mpaka irudishwe.